Spoku ya Jero Ilivyonila Laki na Nusu: Kagua Magurudumu Kabla Hujapakia

Hapa tumezoea kuongelea mtaji, daftari la mauzo, mikopo ya vikoba na namna ya kumshika mteja asikimbie. Leo naomba niongelee kitu ambacho wengi wetu tunakitumia kila siku na hatujawahi kukiandika kwenye daftari. Naongelea magurudumu ya baiskeli.

Mimi nafanya biashara ya ndizi hapa Kisiwani, wilaya ya Same. Kwa asiyepajua, usidanganywe na jina, hakuna bahari huku. Tupo chini ya milima ya Upare Kusini, kwenye ile barabara inayotoka Same kuzunguka nyuma ya milima kwenda Maore, Ndungu mpaka Mkomazi. Upande mmoja ukiinua macho unaona mlima na mawingu yake. Upande wa pili ni nyika, na huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Ndizi zinatoka juu kwenye ubaridi na maji, wateja wapo huku chini na Same mjini. Katikati yao nipo mimi na baiskeli yangu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Alfajiri naenda kupokea mikungu inakoshushwa kutoka mlimani, naifunga kwenye keria, naileta barabarani iwahi gari ya Same. Gari haisubiri mtu. Ukichelewa dakika kumi, ndizi unalala nazo.

JINSI NILIVYOLIWA

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, nilianza kusikia mlio kwenye gurudumu la nyuma. Tik, tik, tik, kila linapozunguka. Nikashuka, nikatazama, nikakuta spoku moja imekatika. Fundi akaniambia spoku jero, ufundi buku. Shilingi 1,500 tu. Nikajisemea, "Zipo nyingi, moja itanifanya nini?" Nikaikunja ile iliyokatika, nikaizungushia kwenye jirani yake isipige kelele, nikaendelea na safari zangu.

Wiki iliyofuata zikawa mbili. Ringi ikaanza kuyumba, inagusa raba ya breki upande mmoja. Mimi badala ya kutengeneza nikalegeza breki ili isiguse. Aisee, ukisikia mtu kujichimbia shimo mwenyewe, ndiyo hiyo.

Siku yenyewe nilikuwa na mikungu minne. Kuna mteremko unashuka kwenye korongo, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilipofika chini nikapiga jiwe, nikasikia spoku zinakatika mfululizo kama mahindi yanayoruka kwenye kikaango. Ringi ikajikunja ikawa kama namba 8. Mimi huku, baiskeli kule, ndizi korongoni. Nilinyanyuka mdomo umepasuka na kifundo cha mkono kimevimba.

Sasa piga hesabu na mimi, kwa bei nilizolipa wakati ule. Ringi 18,000. Seti ya spoku 10,000. Ufundi wa kusuka gurudumu upya 8,000. Mikungu minne iliyopondeka 28,000. Matibabu 15,000. Hapo ni 79,000. Nikakaa nyumbani siku 10 bila kubeba mzigo, na faida yangu ilikuwa kama 8,000 kwa siku, kwa hiyo 80,000 nyingine. Jumla 159,000. Nilikwepa 1,500 nikalipa zaidi ya mara 100 yake.

Na kuna hasara haikuingia kwenye hizo hesabu. Same mjini nilikuwa na mama mmoja wa genge aliyekuwa ananunua kwangu kila wiki. Siku ya tatu alinipigia simu, nikamwambia naumwa. Akasema, "Pole mwanangu, ugua pole." Niliporudi kazini nikakuta ameshapata mtu mwingine. Hakuwa na kosa. Genge haliwezi kukaa tupu kwa sababu mimi nimevunja ringi.

SOMO LA MZEE WA SPANA

Baiskeli niliipeleka kwa mzee mmoja ambaye ametengeneza baiskeli tangu mimi sijazaliwa. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba huku anaitazama ile ringi, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ilikuambia mara ngapi?"

Sikuelewa. Akasema gurudumu halivunjiki ghafla. Linaanza kwa mlio, halafu kuyumba, halafu kugusa breki. Akaniuliza tena, "Ilikuambia mara ngapi ukakataa kusikia?"

Kisha akanieleza kitu ambacho nilikuwa sikijui pamoja na miaka yote ya kupanda baiskeli. Wengi tunadhani spoku zinabeba mzigo kama nguzo zinavyobeba paa. Sivyo. Spoku ni nyembamba mno, ukiisimamisha peke yake na kuikandamiza inapinda. Nguvu yake ipo kwenye kuvutwa. Kila spoku inaivuta ringi kuelekea katikati, zote kwa pamoja, na ule mvutano ndio unaoifanya ringi ibaki duara.

Alinifananishia na kikoba. Wanachama wote wakichangia sawa, kikundi kinasimama. Mmoja akikimbia, deni lake halipotei, linawaangukia waliokaa jirani naye. Wakielemewa, nao wanaondoka. Ndiyo maana spoku ya kwanza inaweza kukaa wiki nzima, ya pili siku tatu, na zilizobaki zikakatika kwa siku moja.

Na kuna jambo la mzunguko. Spoku ikifika chini, uzito wa mzigo unailegeza kidogo. Ikipanda juu inakazika tena. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2 na robo, kwa hiyo kilomita 10 ni zaidi ya mizunguko 4,400. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mara zote hizo, uone kama hautakatika. Spoku iliyolegea inachezacheza zaidi kuliko iliyokazwa vizuri, kwa hiyo hukatika mapema.

Mzee akanyoosha mkono wake mweusi kwa grisi. "Una vidole vitano. Kila asubuhi kabla hujapakia, kila kidole kiwe na kazi yake." Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya. Dakika tano tu, wakati chai inapoa.

1. GUMBA: UPEPO NA TAIRI

Bonyeza tairi zote mbili kwa gumba. Baiskeli ikiwa na mzigo, gurudumu la nyuma linabeba sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo la nyuma liwe gumu zaidi. Kipimo sahihi kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Ukienda kwa fundi mwenye pampu yenye saa, msomee ile namba. Ukiwa na mzigo mzito jaza karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa, ila usikipite.

Upepo mdogo una hasara tatu. Baiskeli inakuwa nzito kusukuma, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi mpaka inatoboka matundu mawili sambamba, na ringi yenyewe inapigwa na mawe moja kwa moja. Huyu upepo ndiye anayetubebea mzigo. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo baada ya kuona baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe inavyomrusharusha kwenye njia mbaya. Kama mtoto aliyekuwa anacheza alihitaji upepo, sembuse wewe na mikungu minne?

Tahadhari: wengine tunakwenda kujaza upepo kwenye mashine ya gereji. Ile mashine imezoea tairi za lori, na tyubu ya baiskeli ni ndogo, inajaa kwa kufumba na kufumbua na inaweza kupasuka mkononi. Bonyeza kidogo, achia, pima kwa gumba, rudia.

Huku kwetu adui mkubwa ni miiba. Kuna ya migunga, na kuna mbigiri, kale kamwiba kanakotambaa chini kenye pembe, ambako kakianguka ncha moja lazima itazame juu. Kwa hiyo zungusha tairi taratibu, chomoa kila mwiba unaouona kabla haujazama. Ukitoboka, usizibe pancha bila kutafuta kilichotoboa. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitanasa kwenye mwiba, usitumie kidole kitupu.

Ukiona tundu lipo upande wa tyubu unaoelekea kwenye ringi, huo si mwiba. Ni kichwa cha spoku kimechomoza. Piga msasa hicho kichwa, halafu funika matundu yote ya ringi kwa utepe wa mpira. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu unafaa, mradi ukae katikati na usijikunje.

Wakati wa kurudisha tairi, weka upepo kidogo kwanza, hakikisha valvu imesimama wima, kisha kagua pande zote mbili kama ukingo wa tairi umekaa sawa kwenye ringi mzunguko mzima. Hapo ndipo unajaza. Tairi lililochanika ubavuni usiliweke mbele hata kama umelishona. Tairi la mbele likipasuka kwenye mteremko, huna usukani tena.

Na ukinunua tairi jipya, soma namba. Baiskeli nyingi za mizigo zinatumia 28 x 1½, zile za mtindo wa milimani nyingi zinatumia 26. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye tairi la zamani, usinunue kwa kukadiria kwa macho.

2. SHAHADA: NATI

Kidole cha kuonyeshea kiguse nati nne, mbili za mbele na mbili za nyuma. Beba spana yako, nyingi ni namba 14 au 15. Nati za ekseli zikilegea gurudumu linahama, linagusa foku, breki inanasa, unaruka juu ya usukani.

Namna ya kufunga: weka baiskeli chini isimame kwa magurudumu yake, ili ekseli izame mpaka mwisho wa mfereji wake. Kaza upande huu kidogo, upande ule kidogo, ukiangalia tairi likae katikati ya foku. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, gurudumu linakaa kombo. Washa isikosekane chini ya nati. Ukimaliza, inua mbele, piga tairi kwa kiganja. Likicheza, rudia.

Nyuma kuna mtego mwingine. Sisi wabeba mizigo tunapenda kuongeza vyuma: miguu ya keria, stendi, na nondo ya kuimarisha, vyote vinavalishwa kwenye ekseli ileile. Matokeo yake nati inabaki na nyuzi mbili tatu za kushika. Kanuni ni kwamba ncha ya ekseli lazima ichungulie nje ya nati. Kama haichungulii, punguza vyuma au weka ekseli ndefu zaidi. Na cheni iwe na mchezo kama wa sentimita moja, juu na chini. Ikikazwa kama uzi wa gitaa inakula gololi, ikilegea sana inaruka.

3. CHA KATI: SPOKU

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nisikilize. Minya spoku mbilimbili kwa vidole, ukizunguka gurudumu zima. Zote zinatakiwa kukupa ugumu unaokaribiana. Kisha zigonge kwa spana taratibu. Iliyokaza inalia ting, iliyolegea inalia tok. Huhitaji kuwa fundi kusikia tofauti.

Zihesabu siku moja, ujue una ngapi. Baiskeli nyingi za mtindo wa zamani zina 32 mbele na 40 nyuma, nyingine zina 36 na 36. Ukijua idadi yako, iliyopungua utaiona.

Spoku zinazokatika sana ni za nyuma, upande wa friwili. Zinabeba uzito, zinapokea nguvu ya cheni, na zimesimama wima kuliko za upande wa pili. Kubadilisha hizo ni lazima friwili itolewe, ndiyo maana fundi mvivu atakuambia, "Hiyo iache kwanza." Usiiache. Siku spoku inakatika, siku hiyohiyo irudishe. Kama upo njiani, shusha nusu ya mzigo au kokota mpaka ufike.

4. CHA PETE: RINGI NA BREKI

Pete ni duara, ringi nayo ni duara, hutasahau. Inua gurudumu, lizungushe, weka kidole au kijiti kwenye foku karibu na ringi, uangalie nafasi. Ikiyumba milimita moja au mbili hiyo ni kawaida ya kazi. Ikifika mpaka inagusa breki, peleka inyooshwe. Tafadhali usifanye kama mimi nilivyolegeza breki.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe: ringi ikielemea kulia, kaza spoku zinazotoka upande wa kushoto wa habu mahali hapo, na ulegeze kidogo za kulia. Fanya robo ya mzunguko kila mara, kisha zungusha utazame. Nipeli, yaani vile vichwa vinavyoshika spoku kwenye ringi, ukivitazama kutokea upande wa tairi, kukaza ni kufuata mshale wa saa. Haraka hapa haifai, ukikaza sana mahali pamoja unaharibu mahali pengine.

Tazama pia nyufa kwenye matundu ya spoku na kutu kwenye maungio. Ringi yenye ufa hainyooshwi, inabadilishwa.

Halafu shika ringi, itikise kushoto na kulia. Ikigonga tok tok, koni zimelegea na gololi zinajikanyaga. Zikikazwa kupita kiasi nazo zinakwama. Kipimo cha mzee ni hiki: gurudumu la mbele likiwa hewani, liache lenyewe. Likijirudisha taratibu mpaka sehemu nzito, mara nyingi pale penye valvu, ikakaa chini, koni zipo sawa.

Breki zenyewe: raba ziguse ringi, zisiguse tairi. Na kumbuka ringi ya chuma ikilowa inateleza, breki inapungua nguvu sana. Mimi wakati wa mvua kwenye mteremko nashuka na kukokota. Watu wananicheka, lakini mikungu inafika.

5. KIDOLE KIDOGO: VINAVYONING'INIA

Kidole cha mwisho kinatafuta vitu vidogo: ncha ya kamba ya mpira, mkia wa gunia, pindo la kitenge, kamba ya kiatu. Kimoja kikiingia kwenye spoku gurudumu linakaba hapohapo. Kunja ncha zote, zifunge ndani. Mzigo uukae chini na karibu na ekseli iwezekanavyo, uzito sawa kushoto na kulia. Mkungu mmoja ukizidi upande mmoja, gurudumu linabeba kwa kuegemea safari nzima.

NA MTOTO JE?

Hili naliandika kwa uzito. Baada ya masomo yote hayo, niliona nimeshahitimu. Siku moja nilimpakia binti yangu nyuma kumpeleka kwa bibi yake. Hakukuwa na mzigo, na tulikuwa tunakwenda polepole tu. Alichoka kutanua miguu, akaiachia. Kisigino kikaingia kwenye spoku.

Sitaeleza yote. Alishonwa, akachechemea muda mrefu, na mpaka leo ana kovu. Yeye hanilaumu, alikuwa mdogo. Ila mimi kila nikilitazama lile kovu nakumbuka kwamba nilikagua nati, nikakagua upepo, nikasahau kwamba mguu wa mtoto nao unaning'inia.

Wenzetu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndio walioanzisha bodaboda, na walianza kwa baiskeli za kawaida tu, abiria amekaa nyuma kwenye keria. Kumpa abiria mto akae vizuri ni jambo jema, lakini mto hauzuii mguu. Uholanzi, nchi ambayo baiskeli ni usafiri wa kila mtu, utakuta baiskeli nyingi zimefunikwa pande mbili za gurudumu la nyuma ili nguo isiingie kwenye spoku.

Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa dumu kuukuu la lita 20. Likate mapande mawili bapa, toboa matundu, yafunge kwa waya kwenye miguu ya keria kila upande, yafunike spoku za nyuma pale mguu unapofika. Yasiguse gurudumu. Ongeza vikanyagio viwili vya chuma ili mtoto awe na pa kuweka miguu. Nilitumia dumu lililotoboka na elfu tatu za kuchomelea vikanyagio. Na mtoto akilala, simama. Mtoto aliyelala hashiki miguu yake.

UKIRUDISHIWA BAIKELI NA FUNDI

Wapo mafundi wazuri sana, nao wana haraka kama sisi. Usilipe ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Mbele yake, kwa heshima, tumia vidole vyako vitano: bonyeza, gusa nati, minya spoku, zungusha ringi, angalia vinavyoning'inia. Fundi mzuri hatachukia, atakuheshimu. Na gurudumu lililosukwa upya lirudishe kwake baada ya siku chache za kazi alikaze tena, maana spoku mpya zinajipanga na kulegea kidogo.

MFUKO WA GURUDUMU

Mwisho tuongee pesa, maana ndiyo kazi ya kukutana hapa. Mimi kila siku ya kazi naweka shilingi 200 kwenye kopo. Siku 26 kwa mwezi ni 5,200. Hiyo inanunua spoku, tyubu, gundi ya pancha, grisi na ufundi mdogomdogo, na inayobaki inasubiri tairi au ringi. Kwenye daftari nimeiandika kama gharama ya biashara, sawa na pesa ya kununulia ndizi. Nikipanga bei ya mkungu, ile 200 imo ndani.

Kwenye begi langu kuna spana, pampu ndogo, viraka na gundi, spoku tatu za akiba zenye urefu sahihi wa magurudumu yangu, na kipande cha tyubu. Vyote havina uzito wa chane moja ya ndizi.

Yule mama wa genge alirudi kununua kwangu baada ya karibu mwaka. Sikumwomba. Mtu wake alianza kuchelewa chelewa. Siku moja alinipigia akaniuliza, "Mwanangu, wewe siku hizi gari unaiwahi?" Nikamwambia, "Naiwahi mama." Mpaka leo sijalala na mzigo wake hata mara moja.

Kesho asubuhi kabla hujafunga mzigo, iwe ndizi, mkaa, maziwa, samaki au mboga, inama dakika tano. Gurudumu lako likilia tik, lisikilize siku hiyohiyo, wakati bado linaomba jero.